Dawa ya viluwiluwi ya Kibaha: maswali mnayoniuliza kila masika

Mvua zikianza tu huku Temeke naulizwa maswali yaleyale, barazani, kwenye daladala, mpaka msibani, kwa vile ni mhudumu wa afya wa mtaa. Nimeona niyaandike na majibu yake.

Kile kiwanda cha Kibaha kinatengeneza nini, si dawa ya kupuliza ndani?

Hapana. Hii inawekwa kwenye maji yaliyotuama, inaua viluwiluwi kabla hawajawa mbu. Kiwanda ni cha serikali kupitia NDC, lile Shirika la Maendeleo la Taifa, teknolojia imetoka Cuba kwa Labiofam ambayo nayo ni ya serikali yao, kikazinduliwa 2015 kipindi cha Rais Kikwete. Dawa zenyewe ni Bactivec na Griselesf, na kinachofanya kazi ndani yake ni bakteria.

Bakteria! Si mtatumaliza sisi na kuku wetu?

Kuna mama alinizuia kabisa nisisogelee mtaro wake na simlaumu, neno lenyewe linatisha. Ila iko hivi, bakteria wa Bactivec anaitwa Bti kwa kifupi, aligunduliwa 1976 kwenye jangwa la Negev kule Israel, na anatengeneza vichembe vya protini. Sasa kiluwiluwi kazi yake ni kula vinavyoelea, akivimeza hivyo vichembe tumbo lake lenye hali ya magadi linaviyeyusha, vinatoboa utumbo, anakufa. Tumbo la binadamu lina asidi, halivifungui hivyo, na kuku na samaki hawadhuriki. Lakini usijiwekee mwenyewe kwenye pipa la maji ya kunywa kwa kukisia, muulize afisa afya.

Kwa nini Cuba, nchi maskini kama sisi?

Wameumwa, ndo wakajifunza. 1981 dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliwapiga, wagonjwa zaidi ya laki 3, wakafa watu 158 na 101 kati yao ni watoto. Mwaka huohuo walishawatuma wataalamu wao Finland kusomea kutengeneza interferoni, dawa ya protini ya kupambana na virusi, wakarudi wakaitengeneza wenyewe, 1986 wakafungua kituo kikubwa cha bayoteknolojia Havana, baadaye chanjo zao wenyewe, mpaka 2012 viwanda vya dawa na utafiti vikawekwa chini ya shirika moja la serikali, BioCubaFarma. Marekani imewawekea vikwazo tangu miaka ya 60, kwa hiyo kusubiri dawa za watu haikuwa njia. Mimi hapo nawaheshimu sana.

Mbona dawa tunayo na mbu wako palepale?

Hapa ndo penye shida na naomba msome taratibu. Kwenye joto letu hili yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, na Bti haikai siku nyingi kwenye maji, na kiluwiluwi akishafika hatua ya pupa, ile ya mwisho kabla hajawa mbu, hali tena kwa hiyo dawa haimpati, maana yake ukiweka leo ukarudi baada ya miezi 3 umeiharibu dawa bure. 2006 hapahapa Dar walianza na kata 3, watu wa mtaani wenyewe wanazunguka kila wiki na Bti iliyoagizwa nje, na malaria ikapungua kweli. Sasa dawa inatengenezwa hapo Kibaha, na Juni 2017 Rais Magufuli alipofika kiwandani aliagiza halmashauri ziinunue. Kinachotakiwa ni mtu wa kuimwaga kila wiki, analipwa, ana buti na bomba, anajua kila dimbwi la mtaa wake, bila huyo kiwanda kitabaki na madumu tu.

Halafu mbu wenyewe hawafanani. Wa malaria anapenda maji yaliyotuama yenye jua, mashimo ya tofali, matuta ya mchicha. Wa matende na mabusha yuko kwenye vyoo na mitaro michafu, na huko Griselesf ndo inadumu zaidi. Wa dengi, huyu anauma mchana, anazalia kwenye tairi, kifuu, kopo, ndoo isiyofunikwa, hapo huhitaji dawa ya mtu, mwaga maji tu.

Kwa hiyo neti niache?

Usiache, hata siku moja. Dawa ya majini ni ya kusaidiana na neti.

Mtoto ana homa kali, vipimo vya malaria hakuna kitu, nimpe nini?

Mrudishe kituoni wamwangalie dengi, Dar tuliipata 2014 na 2019. Ukiwa njiani mpe parasetamoli kwa kipimo chake na maji mengi, ila asprini, diklofenaki na ibuprofeni usimpe kabisa maana kwenye dengi zinaongeza hatari ya kutoka damu, na akianza kutapika sana, tumbo linamuuma au fizi zinatoa damu, usingoje asubuhi.