Malori yanayosemezana kwa redio, na kwa nini dereva wa Malaba asiyaige

Ukisimama kando ya barabara ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenda Jinja, utaona trela zimefuatana karibu hivi kwamba dereva wa nyuma haoni kitu isipokuwa mlango wa kontena. Baadhi ya madereva hutuambia wanajificha upepo ili waokoe dizeli. Kuhusu upepo hawakukosea: lori la mbele hupasua hewa, la nyuma likapita kwa wepesi. Kwa sababu hiyohiyo watafiti wa Ulaya, Japani na Marekani wamejaribu misafara ya malori yaliyokaribiana, na mwaka 2016 misafara ya watengenezaji sita ilitoka nchi mbalimbali za Ulaya hadi Rotterdam. Lakini malori yale yanasemezana. Ya kwetu hayasemezani.

Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huweza kutumia sekunde moja na nusu kuanzia taa za breki ziwake mpaka mguu wake ukanyage. Mita 33 zimekwisha. Breki za upepo nazo huchelewa kidogo, maana hewa lazima ipite kwenye mabomba ifike magurudumu ya trela. Katika msafara wa utafiti, lori la mbele hutangaza mwendo wake na jinsi linavyofunga breki mara 10 hivi kila sekunde, na kompyuta ya nyuma huitikia papo hapo. Ujumbe mmoja ukipotea, mita mbili na zaidi zimepita bila habari. Kontena la chuma huziba mawimbi ya redio, kwa hiyo antena huweza kufungwa kwenye vioo vya pembeni. Mawasiliano yakikatika kabisa, kompyuta hutegemea rada na kuongeza nafasi.

Kwangu mimi fundisho kubwa liko kwenye mkia wa msafara. Bila redio, lori la kwanza likipunguza mwendo kidogo, la pili hupunguza zaidi, la tatu zaidi tena, na la tano husimama kabisa, kwa kuwa kila dereva humtazama aliye mbele yake tu. Mtikisiko hukua ukielekea nyuma. Kwa redio, lori la tano humsikia kiongozi mwenyewe, na wahandisi huweza kupanga breki ili mtikisiko ufifie njiani.

Barabara yetu, kwa sehemu kubwa, ina njia moja kila upande. Bodaboda huchomekea katikati, matuta yako kwenye vituo vya biashara, na trela iliyojaa saruji haisimami kama ile inayorudi Mombasa tupu. Hata vifaa vikiletwa kesho, nisingeanzia hapo.

Kwa leo, chagua nguzo iliyo mbele. Lori unalolifuata likiipita, hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, hadi nne. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, ondoa mguu kwenye mafuta.