Seva kubwa haitaharakisha ukurasa mzito

Wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile: tovuti inafunguka polepole, nihamie seva yenye uwezo gani? Anayeuliza ameshaamua kwamba mkosaji ni seva, na bado hajapima chochote. Naomba kabla ya kutoa pesa, mpime.

Fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, zima kache (nakala ambazo kivinjari kimezihifadhi), upakie ukurasa upya. Tazama ombi la kwanza kabisa, lile la HTML, yaani faili lenye maandishi na muundo wa ukurasa: baiti ya kwanza imechukua muda gani kufika? Google hupendekeza isizidi milisekunde 800. Kama imefika kwa milisekunde 300 na ukurasa ukaonekana baada ya sekunde 7, seva ilitimiza wajibu wake mapema. Zile sekunde zaidi ya 6 zimeliwa kwingine, na hakuna RAM utakayoilipia itakayozirudisha. Hili si jipya. Steve Souders, mhandisi wa kasi ya tovuti, alipokuwa Yahoo katika miaka ya 2000, alionyesha kwamba asilimia 80 hadi 90 ya muda anaosubiri mtumiaji hutumika upande wa kivinjari.

Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya fiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Msomaji akiwa kilomita 10,000 kutoka kwenye seva, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kwa uchache, na nyaya hazipiti njia iliyonyooka. Ukiacha DNS (kutafuta anwani ya seva), kuna safari ya TCP ya kufungua muunganisho, safari ya TLS ya kuulinda kwa usimbaji (moja kwa TLS 1.3, mbili kwa TLS 1.2), ndipo ombi lenyewe liende. Seva kubwa ikikaa palepale haipunguzi hata safari moja. Kupanua barabara hakusogezi mji. Kinachosogeza ni CDN, mtandao wa seva zilizotawanywa sehemu mbalimbali, kwa kuweka nakala za faili zako karibu na wasomaji.

Picha nazipitia haraka. Punguza vipimo vilingane na nafasi zinapokaa, tumia WebP au AVIF (miundo ya picha iliyo nyepesi), andika upana na kimo ili maandishi yasirukeruke. Ila picha kuu ya juu kabisa usiiwekee loading="lazy", agizo la kutoipakia picha mpaka msomaji aikaribie. Zipo plugini (programu za nyongeza za tovuti) zinazoziwekea picha zote agizo hilo, na hapo unaichelewesha picha ile ile ambayo mgeni anaisubiri.

Kinachoniudhi hasa ni JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, kupimwa kwa kilobaiti. Picha ya kilobaiti 300 na JavaScript ya kilobaiti 300 hazilingani hata kidogo. Picha ikifika hufumuliwa, ikachorwa, basi. JavaScript ikifika lazima isomwe, itafsiriwe kuwa maagizo ya mashine, kisha itekelezwe, na kwa kawaida utekelezaji huo hufanyika kwenye uzi mkuu, ule ule unaopanga ukurasa na kupokea mguso wa kidole. Uzi ukishikwa, mtu anabonyeza menyu na hakuna kinachotokea. Anabonyeza tena. Tena hizo kilobaiti 300 ni za faili lililobanwa. Likifumuliwa linaweza kupita megabaiti moja. Kompyuta yako ya kazini inalimaliza bila wewe kugundua, simu ya bei nafuu inahangaika nalo. Ndiyo maana Lighthouse, zana ya Google ya kupima kurasa, inapopima kwa hali ya simu, huipunguza kasi prosesa mara 4. Mtu akiniambia “mbona kwangu inafunguka vizuri”, hajanieleza bado chochote kuhusu wasomaji wake.

Na skripti hizo za JavaScript, nyingi hata si za tovuti yenyewe. Kidirisha cha gumzo, vifuatiliaji vya matangazo, vitufe vya kushirikisha. Kila moja iliombwa na mtu kwa sababu iliyokuwa na maana siku ile, na hakuna aliyepewa kazi ya kuziondoa. Zizuie moja baada ya nyingine, upime kila mara, utaijua inayokula muda. Kisha ugumu unahama kwenye kompyuta unaingia kwenye kikao: idara ya masoko itakitetea kifuatiliaji chake. Ina haki ya kukitetea, lakini itetee ikiwa na gharama yake mezani, kwa milisekunde.

Vipimo navyo vina walakini wake. Ukurasa uleule, kwenye mashine ileile, majaribio mawili mfululizo ya Lighthouse hutoa alama tofauti, kwa hiyo alama mbili tatu zilizoongezeka hazinishawishi. Naamini zaidi data za watumiaji halisi: LCP (muda wa kuonekana kwa kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa) isizidi sekunde 2.5, INP (muda wa kuitikia mguso) milisekunde 200, CLS (kiasi cha vitu kurukaruka) 0.1, kwa asilimia 75 ya matembeleo. Lakini hata hizo hudanganya. Mhandisi Chris Zacharias alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyopunguza ukurasa wa video wa YouTube kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100, na wastani wa muda wa kupakia ukapanda. Sababu: watu wenye intaneti dhaifu sana, ambao awali hawakuweza kuufungua kabisa, sasa walikuwa wanaufungua, wakahesabiwa. Tangu nilipoisoma habari hiyo, wastani ukipanda baada ya marekebisho sikimbilii kusema tumeharibu. Nachunguza kwanza ni wageni gani wameongezeka, na mara nyingine data hazitoshi kunipa jibu.

Seva kubwa ina wakati wake. Baiti ya kwanza ikichelewa, washa kwanza kache ya kurasa (seva ihifadhi kurasa zilizokwisha kutengenezwa), kagua maswali ya hifadhidata yanayopekua jedwali zima kwa kukosa faharasa, ondoa plugini zinazoyarudiarudia. Ukishayafanya hayo, na baiti ya kwanza ikawa bado inachelewa kila wageni wanapoongezeka, na prosesa ya seva imejaa saa hizo hizo, nunua.