Kuhamisha majukumu: kazi ya daktari ikifanywa na asiye daktari

Ukifika zahanati ya kijijini Tanzania, kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Aliyekupima, aliyekuandikia dawa, hata aliyekuchoma sindano. Ukichungulia vyeti vyao utakuta mmoja ni tabibu, yaani mtibabu mwenye mafunzo mafupi kuliko ya daktari, mwingine ni muuguzi, mwingine mhudumu wa afya, na daktari mwenye shahada yuko hospitali ya wilaya, kilomita nyingi kutoka hapo. Wanakijiji hawadanganywi. Wanamwita mtu kwa kazi anayowafanyia, na kazi hiyo kweli ilikuwa ya daktari. Ilihamishwa.

Wataalamu wa afya huuita mpango huu kuhamisha majukumu. Maana yake ni kuichukua kazi iliyozoeleka kufanywa na mtu aliyesomea miaka mingi, kuichambua vipande vipande, kisha kumkabidhi mwenye mafunzo mafupi zaidi kile kipande anachoweza kujifunza na kukifanya kwa usalama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2008, baada ya kutangaza mwaka 2006 kwamba nchi 57 zilikuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Afrika ilikuwa imebeba karibu robo ya mzigo wa magonjwa duniani, na watumishi wake walikuwa asilimia 3 tu ya watumishi wote wa afya.

Lakini mwongozo ulikuja vitendo vikiwa vimeshazeeka. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Kwa hesabu hiyo, kusubiri chuo kikuu kizalishe madaktari wa kutosha kulikuwa sawa na kuwaambia wajawazito wasubiri na wao. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 nchi ikawa na kada ya daktari msaidizi: tabibu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, akarudi chuoni miaka 2, akatoka akijua pia kupasua.

Hapa kwenye kupasua ndipo watu wengi huingiwa na wasiwasi, na wana haki. Kumzalisha mama kwa upasuaji si kutoa panadol. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2009, uliwalinganisha madaktari wasaidizi na madaktari wenye shahada katika upasuaji wa uzazi wa dharura. Haukuona tofauti ya maana, si katika matokeo kwa mama na mtoto wala katika ubora wa huduma. Na sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa mikononi mwa wasaidizi. Sababu haina ajabu yoyote: aliyefanya upasuaji wa aina moja mara mia tatu huwa na mkono mwepesi kuliko aliyeufanya mara kumi, hata kama huyu wa pili anajua mengi zaidi kuhusu figo.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani ukishakihamisha kisu umemaliza. Kisu peke yake hakimzalishi mtu. Anahitajika wa kutoa dawa ya usingizi, inahitajika damu salama, mashine ya kutakasia vifaa, umeme usiokatika katikati ya kazi. Walioendesha mafunzo Ifakara ya kupeleka upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya walilizingatia hili: pamoja na kumfundisha daktari msaidizi, waliwafundisha pia wauguzi na matabibu kutoa dawa ya usingizi. Kipande kimoja kikibaki nyuma, mama anapandishwa kwenye gari la wagonjwa kama zamani, ila safari hii kituo alichotoka kina chumba kizuri cha upasuaji kilichofungwa kufuli.

Wakati mwingine kifaa ndicho kinachoifungulia kazi njia. Malaria ilihitaji hadubini na mtu anayejua kuisoma. Kipimo cha haraka kilipokuja, tone la damu na dakika kama 15 zikatosha, na kazi ikashuka hadi zahanati isiyo na maabara. Dawa za kufubaza VVU nazo zilianza kama mali ya madaktari. Dozi zilipokuwa za mfumo mmoja unaoeleweka, wauguzi wakaanza kuwafuatilia wagonjwa, na utafiti wa Afrika Kusini uliotoka mwaka 2010 ulionyesha wagonjwa wao hawakufanya vibaya kuliko wa madaktari.

Sasa upande usiopendeza. Kazi ni rahisi kuhamisha. Mshahara na ulinzi wa sheria ni vizito. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku anafanya mambo ambayo kwenye karatasi hayamo katika kazi zake, na mambo yakiharibika anaulizwa nani alimruhusu. Hali kama hiyo sioni kwa nini iitwe mkakati. Ni kutwishana mzigo. Mwongozo wa 2008 wenyewe ulitaka kanuni zibadilishwe ili mtu aruhusiwe rasmi kufanya anachofanya, na ulisema wazi kwamba huduma za lazima haziwezi kutegemea watu wa kujitolea kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii walilipwa fulana na asante. Kenya ilipowapeleka kazini wahudumu wapatao 100,000 mwaka 2023, iliwawekea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Si pesa ya kujengea nyumba, ila angalau imekubalika kwamba hiyo ni kazi.

Na lipo jambo la Msumbiji ambalo kila nikilifikiria hunikosesha raha kidogo. Mwaka 1984, vita ikiendelea na madaktari wakihesabika, nchi hiyo ilianza kuwafundisha watu wa ngazi ya kati kufanya upasuaji kwa miaka 3. Watafiti walipowafuatilia baadaye, miaka 7 baada ya kupangiwa hospitali za wilaya, karibu 9 kati ya 10 walikuwa bado wapo. Kati ya madaktari waliopangiwa wilayani, hakubaki hata mmoja. Moyo wa uzalendo huenda ulichangia. Lakini pia cheti chao, tofauti na shahada ya udaktari, hakikuwa na soko nje ya Msumbiji.