Enjeli hawafi kwa kijicho, wanakufa kwa maji ya kisima

Juzi kanijia mama mmoja wa Mkomani, hapa Lamu, na ndoo mkononi, ndani samaki wawili wa tangini, enjeli, mmoja ashageuka ubavu. Kanambia mwanangu hii mara ya tatu, kwangu samaki hawakai, kuna mtu ana kijicho. Nikamuuliza, mama, maji mwatoa wapi? Akasema kisimani, na tangi nimelipamba vizuri, kombe nimeokota Shela na jiwe la tumbawe kaleta baba yao. Basi nikajua pale pale.

Enjeli ninayemsema ni yule bapa kama sahani, mapezi marefu juu na chini, Pterophyllum scalare. Yule wa baharini mnayemuona mkipiga mbizi Malindi na Watamu ni ukoo mwengine kabisa, kwa hiyo tafadhali msitie chumvi. Huyu wetu ni jamaa wa tilapia na kwao ni mto Amazon na mito inayoingia humo, Peru, Kolombia, Brazil, sehemu za maji yaendayo polepole kati ya mizizi na majani yaliyooza, maji laini yenye uasidi kidogo, mengine rangi kama chai ya rangi isiyokolea. Sasa umlete Lamu, kisiwa cha mchanga na mawe ya matumbawe, umtie maji yaliyolala kwenye chokaa miaka na miaka! Kama hujui maji yako ni magumu kiasi gani angalia buli lako la chai, lile gamba jeupe chini, na sabuni unasugua weee povu halitoki.

Kwa namba: pH, yaani kipimo cha uasidi, 7 ni katikati na chini yake ndio asidi, anayoipenda ni 6.5 hadi 7.5 hivi, na waliozalishwa kwenye matangi wanavumilia mpaka karibu 8 ukiwazoesha taratibu. Kisima changu mimi hapa Langoni kinasoma 8.2. Utasema tofauti ndogo, lakini kwenye pH kila namba moja ni mara kumi, so kutoka 7 kwenda 8 si hatua, ni ruka. Na kinachoua haswa ni amonia, sumu ya uchafu wao wenyewe. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, kwenye maji ya pH ya chini karibu yote inakaa kama amoniamu ambayo haina makali sana, pH ikipanda na joto likipanda inageuka ile yenyewe inayochoma mashavu, ndio unamuona samaki yuko juu anahema hema. Kwa hiyo uchafu ule ule, kwa maji ya mvua anaishi, kwa maji ya kisima anakufa.

Jiwe la tumbawe ndani ya tangi linazidi kuyeyusha chokaa kila siku. Jiwe lolote ulilookota lidondoshee ndimu au siki kwanza, likitoa povu liache nje, na kombe usihangaike hata kujaribu, zote ni chokaa.

Mimi nachanganya. Mvua ya kwanza naiacha ioshe sakafu ya juu, zinazofuata nakinga kwenye pipa la plastiki, afu sehemu mbili za mvua kwa moja ya kisima. Mvua tupu pia si nzuri, haina madini na pH yake haitulii. Na si birika la saruji jamani, saruji nayo inatoa chokaa. Kuna mzee huwa ananibishia, mbona zamani mabirika ya vyooni yalikuwa na samaki wanakula viluwiluwi vya mbu na hawakufa? Ni kweli mzee wangu, lakini wale walishayazoea maji hayo, hawakutoka Amazon.

Joto ni 26 hadi 28, hita huku ni kupoteza pesa. Kazi ni wakati wa kaskazi, maji yakishapita 30 hewa inapungua, weka pampu ya hewa ya betri maana stima ndio hivyo. Filta iache ifanye kazi wiki 4 hadi 6 kabla ya kujaza samaki, na kila wiki badilisha robo ya maji.

Haya, majirani. Enjeli mkubwa anafika sentimita 15 na mapezi yanapita hapo, tangi liwe na kimo cha sentimita 45 au zaidi, lita 120 kwa wawili. Chochote kinachoingia mdomoni ni chakula. Mimi mwenyewe nililala na neoni, vile visamaki vidogo, kumi na mbili nikaamka na wanne, na enjeli wangu kavimba tumbo ananiangalia. Weka tetra wa Kongo, gurami lulu, koridora sita wa kusafisha chini, pleko mdogo mwenye ndevu. Tiger barb hapana kabisa, watamng'ata mapezi mpaka abaki kama ufagio. Goldfish anataka baridi na anachafua sana. Mbuna wa Ziwa Malawi wao wanapenda pH 7.8 mpaka 8.6, yaani kama huna subira ya kukinga mvua na kisima chako hakina chumvi, fuga hao tu, ila usiwachanganye na enjeli.

Na enjeli wawili wakipendana wakataga kwenye jani lililosimama, wengine wote watafukuzwa pembeni siku hizo, uwe na tangi la pili.

Yule mmoja wa mama niliweza kumuokoa, nilimdondoshea maji yangu tone tone kwa mpira mwembamba saa mbili nzima. Kesho namrudisha Mkomani pamoja na pipa. Jiwe la tumbawe naambiwa sasa linashikilia mlango usipigwe na kusi.