Panya, minyoo na sisi wa Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kazi yangu ni kuangalia choo, yaani kinyesi cha wagonjwa, kwa hadubini katika kituo kidogo cha afya hapa Lubumbashi, na akina mama wanaoleta watoto huniuliza sana habari za panya. Panya wa ndani, panya wa shambani, fuko anayechimbwa na kuchomwa. Kuogopa minyoo yao kuna sababu. Kinachonisumbua ni kwamba hofu inaelekezwa pasipo pake: nguo iliyokanyagwa na panya inachomwa moto, halafu mtoto anaachwa aoge mtoni saa sita mchana. Kila mnyoo una njia yake ya kumfikia mtu, na asiyeijua njia hiyo hawezi kuiziba.

"Panya akinyea unga, mtoto akila bukari anapata tegu"

Bukari, yaani ugali wetu, iliyosongwa kwenye maji yanayochemka imeshapita motoni, kwa hiyo tegu hatoki huko. Lakini unga una hatari yake.

Tegu wa panya anayejulikana zaidi anaitwa Hymenolepis diminuta. Anakaa ndani ya utumbo wa panya, ana urefu wa sentimita 20 hadi 60, na mayai yake hutoka na mavi. Mtu akimeza mayai hayo yalivyo, hayamfanyi kitu. Lazima kwanza yaliwe na mdudu: funza wa kiroboto, au wale wadudu wadogo wa kahawia nyekundu, wa milimita tatu au nne, wanaozaliana ndani ya unga na nafaka iliyokaa. Ndani ya mwili wa mdudu, yai hukua na kuwa kimelea kichanga, na hapo ndipo linaweza kumwambukiza panya mwingine, au mtoto aliyemmeza mdudu huyo.

Sasa fikiria mtoto anayechovya kidole kwenye mfuko wa unga mkavu na kulamba mama akiwa amegeuka. Au anayetafuna mahindi makavu kutoka kwenye gunia lililokaa chini tangu mavuno. Hao ndio wanaopata tegu huyu, na wengi wao ni watoto. Wengine hawaumwi chochote, wengine tumbo linawasokota na kuhara. Kwa hiyo chekecha unga hata kama umeununua leo, weka gunia juu ya mbao, unga ukae kwenye ndoo yenye kifuniko. Unga uliojaa wadudu wanaotembea usimpe mtoto auchezee, hata kama hujaona kinyesi cha panya hata kimoja.

Tegu huyu ana ndugu yake mdogo, Hymenolepis nana, asiyezidi sentimita nne. Panya hubeba tegu wanaofanana naye sana, ila yeye hahitaji mdudu: mayai yake yanatoka kwa mtoto mmoja na kuingia kwa mwingine kupitia mikono michafu. Kwenye hadubini mayai ya tegu hawa wawili yanakaribiana. Yai la diminuta ni la mviringo, kubwa kidogo, la rangi ya njano iliyokolea. Yai la nana ni dogo, jeupe, na ndani yake kuna nyuzi nyembamba zinazozunguka kiini. Nikiziona zile nyuzi, maswali ya panya nayaacha. Namuuliza mama kuhusu choo cha pale kwao na sabuni ya kunawia.

"Panya wa pori ni msafi, anakula mizizi tu"

Mnyama wa pori anaishi udongoni, na tumbo lake lina minyoo ya aina nyingi. Habari njema ni kwamba mingi kati ya hiyo imezoea mwili wa panya tu na haiwezi kukaa ndani ya mtu. Usafi wa mnyama hauna nafasi kubwa katika jambo hili.

Wanaopasua panya kwa ajili ya kula, nawaomba waangalie ini. Likiwa na madoa au mistari ya njano-nyeupe iliyotambaa juu yake, huenda ni Capillaria hepatica, mnyoo ambao hutaga mayai ndani ya ini lenyewe. Watu wanadhani hatari ni kulila ini hilo. Ukweli ni kwamba mayai yaliyo inini bado ni machanga. Yakiliwa yanapita tumboni na kutoka chooni bila kudhuru. Yanaiva yakifika kwenye udongo wenye unyevu na hewa, baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo hatari inaanza pale unapolitupa ini uani. Likioza, mayai yanabaki kwenye udongo. Paka au mbwa akilila, anayasambaza kwa mavi yake. Kisha mtoto anayetambaa na kula udongo anayameza yakiwa yameiva, na safari hii minyoo inaelekea kwenye ini lake. Watu waliopatikana na ugonjwa huu duniani ni wachache sana, lakini kwa mtoto mdogo ni mzito. Ini la namna hiyo litupwe motoni, liungue kabisa.

"Moshi na lutuku vinaua kila kitu"

Moshi unakausha nje, ndani nyama inaweza kubaki mbichi. Mnyoo wa Trichinella hujificha ndani ya misuli. Unajulikana zaidi kwa nguruwe na ngiri, lakini panya wanaokula mabaki ya nyama wanaweza kuwa nao pia. Kukausha, kutia chumvi na kufukiza si vya kutegemewa. Chemsha nyama mpaka katikati isiwe na wekundu. Na lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, haifiki kwenye kimelea kilicho ndani ya msuli au ini. Inachochoma ni ini la mnywaji.

"Kichocho kinaletwa na panya wa mtoni"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu maneno haya yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo imetoka katika mji wetu. Mwaka 1931, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Émile Brumpt alieleza aina mpya ya kichocho kutokana na konokono wa huku, akaiita Schistosoma rodhaini kwa heshima ya daktari Mbelgiji, Jérôme Rodhain. Hicho ni kichocho cha panya. Miaka ya 1950 Jacques Schwetz akapata kwa panya wa pori wa hapa kichocho kinachofanana na kile cha watu, Schistosoma mansoni, ambacho wengi wetu tunakiita bilaziozi ya tumbo.

Vyote viwili hukulia ndani ya konokono mmoja, Biomphalaria, mdogo, bapa kama kamba iliyoviringwa juu ya meza. Saa zao za kutoka ndizo hutofautiana. Vimelea vya panya hutoka kwa konokono usiku, panya wanapoteremka majini. Vya watu hutoka jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana, wakati wa kufua na kuogelea. Katika kisiwa cha Guadeloupe panya wameonekana kuendeleza kichocho cha watu, na huko vimelea vimesogeza saa yao hadi jioni. Kenya na Tanzania wamekuta hata mchanganyiko wa aina hizi mbili.

Pamoja na hayo yote, yai ninaloliona kwenye kioo, refu, lenye mwiba mmoja ubavuni, kwa kawaida limetokana na kinyesi cha mtu kilichofika majini. Ukiua panya wote wa bonde la Kafubu, na vyoo vikaendelea kumwagika mtoni, kichocho kitabaki.

Wengine wanasema maji yanayotiririka ni salama. Katikati ya mto pengine, lakini konokono anakaa pembeni, kwenye majani na maji yaliyotulia, palepale tunapochota na kumwagilia lengalenga. Wakulima wa bustani wavae buti. Maji ya kuoga yachotwe bila konokono na yakae kwenye pipa safi lililofunikwa kwa siku mbili. Vimelea haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu au mnyama.

"Mtoto alimeza dawa ya minyoo shuleni, basi amepona"

Mebendazole na albendazole za shuleni zinalenga minyoo mingine ya tumbo. Kichocho na tegu wa panya vinahitaji praziquantel, ambayo nayo haiui vizuri vichocho vichanga. Ndiyo maana mgonjwa mwingine anaambiwa arudie baada ya wiki kadhaa. Kipimo cha dawa kinategemea uzito, kwa hiyo usikatekate vidonge nyumbani kwa kukisia.

Mtoto akiwa na damu kwenye choo, au tumbo linajaa huku mwili unakonda, mpeleke apimwe. Choo kiwe cha siku hiyohiyo, kwenye chombo safi chenye kifuniko, kisichanganyike na mkojo. Mwambie anayepima ni mto gani mtoto anaogelea na kama ana tabia ya kulamba unga. Majibu yakisema hakuna kitu na dalili zinaendelea, leta tena choo cha siku nyingine, kwa sababu mayai hayatoki kwa wingi kila siku.