Jiko Kuukuu la Petroli: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyo Kweli

Muuza chuma chakavu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, aliniapia kwamba jiko lile liliachwa Kongwa na Waingereza wa ule mpango wao wa kulima karanga. Hadithi ilikuwa tamu na bei ikapanda kwa ajili yake. Nilipofika nyumbani nikaligeuza tenki, nikafuta uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikakuta tarakimu zimegongwa kwenye bati: 8 upande huu, 66 upande ule. Majiko mengi ya Coleman ya miaka hiyo, yaliyotengenezwa Wichita, Marekani, yaligongwa mwezi na mwaka namna hiyo. Basi ni Agosti 1966. Karanga za Kongwa zilianza 1947, na 1951 wenyewe walishafunga virago. Jiko langu lilikuwa bado halijazaliwa.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ndio uliokuwa na madhara kidogo kuliko yote. Jiko lenyewe ni sanduku la bati la kijani lenye plate mbili, na tenki jekundu linaloning'inia mbele likiwa na pampu yake. Nilipolianika kibarazani, kila aliyepita alikuwa na neno, na mengi ya maneno hayo yangeniunguza.

"La zamani hilo, litalipuka tu"

Hapa watu wanaogopa kisichostahili. Bati la tenki likiwa halijaliwa na kutu linaweza kudumu kuliko mwenye nalo. Kinachokufa ni vitu laini: ngozi ya pampu, mpira wa kifuniko, na kifungashio kinachozunguka shina la valvu pale unapofungulia moto. Vitu vitatu vya bei ndogo.

Pampu yangu ilikuwa inaingia na kutoka bila ukinzani wowote, kama unasukuma hewa ya mtaani. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Majengo aliyekuwa fundi wa karabai enzi hizo.

"Shikamoo babu. Pampu imekufa."

"Marahaba. Pampu haifi, mjukuu wangu. Inakauka."

Akaichomoa, akanionyesha kikombe cha ngozi mwisho wa fimbo: kimesinyaa, kigumu kama kisigino cha kandambili. Akakidondoshea mafuta ya cherehani, akakikandakanda kwa vidole, akatanua ukingo wake, akaniambia nikiache kilale ndani ya mafuta hadi kesho. Asubuhi yake pampu ilinisukuma mkono. Wengi hununua pampu nzima, au hutupa jiko, kwa ngozi iliyohitaji matone manne.

Pampu ikisukuma vizuri lakini fimbo ikawa inarudi juu yenyewe, hapo kosa si la ngozi. Ni la valvu ndogo iliyo chini ya pampu, inayoruhusu hewa iingie na kuizuia isirudi. Mara nyingi imeshikwa na uchafu tu.

"Kata mpira wa tyubu, utatosha"

Ushauri huu nilipewa na watu watatu kwa siku moja, na nauelewa, maana tyubu ya baiskeli nchi hii imeziba kila kitu. Kwa maji inafaa, ila kwa petroli ni mtego. Mpira wa tyubu hunywa petroli, ukavimba, ukalainika, kisha ukaanza kupitisha mvuke. Siku ya kwanza jiko halivuji, unajisifu. Wiki ya pili kifuniko kinatoa mvuke sentimita chache kutoka kwenye moto.

Unachotaka ni mpira uliotengenezwa kuishi ndani ya petroli, na Dodoma haukosekani: nenda duka la vipuri vya bodaboda, ulizia oring'i na gasketi za kabureta. Beba kifuniko chako mkononi upimishe hapo hapo. Yangu niliipata duka la pili.

Kifuniko hicho usikifanyie ujanja mwingine. Kwenye majiko mengi ya petroli ya zamani ndimo ilimo valvu ya usalama: springi ndogo inayoachia hewa presha ikizidi. Nimeona kifuniko kilichozibwa kwa gundi ya chuma kwa sababu "kilikuwa kinapumua". Aliyefanya vile alilifunga jiko mdomo.

"Pua ikiziba, chokoa kwa sindano"

Tundu la pua, pale mvuke wa petroli unapotokea kwenda kwenye moto, halifiki nusu milimita. Sindano ya kushonea ni nene kuliko hapo na ni ya chuma kigumu, wakati pua ni ya shaba laini. Ukichokoa unalipanua au unalipindisha, na tangu siku hiyo moto ni mkubwa, wa njano, wenye masizi, na hakuna fundi atakayelirudisha tundu lilivyokuwa. Chukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa pasi iliyokufa, au uzi mwembamba kabisa wa gitaa, upitishe taratibu. Kwanza lakini loweka pua kwenye spiriti usiku kucha, maana mara nyingi hata huo unyuzi hutauhitaji.

"Moto ukiwa wa njano, ongeza pampu"

Hapana. Moto wa njano unasema hewa haitoshi, au bomba linalogeuza petroli kuwa mvuke halijapata joto. Bomba hilo linapita juu ya plate kubwa kwa makusudi: moto unalichemsha, lenyewe linaupelekea moto mvuke. Dakika za mwanzo njano ni kawaida. Ikiendelea baada ya hapo, zima, subiri lipoe, uchungulie mrija wa kuchanganyia hewa chini ya plate. Wangu ulikuwa umezibwa na nyigu. Wale wanaojenga vichuguu vya udongo kwenye matundu ya funguo na mabomba ya antena walikuwa wamejenga nyumba kamili humo, na buibui mmoja mpangaji. Nilitoa udongo wa kujaza kijiko. Ningeongeza pampu, ningeongeza petroli mahali pasipo na hewa.

"Mafuta ni mafuta"

Hili ndilo lililonifanya niandike. Linasemwa kwa namna tatu.

Ya kwanza: changanya petroli na mafuta ya taa kidogo "kupunguza ukali". Bomba la jiko la petroli limepimwa kuchemsha petroli. Mafuta ya taa yanahitaji joto zaidi ili yawe mvuke, kwa hiyo yanafika kwenye plate yakiwa bado majimaji, yanatiririka sandukuni, moto unayafuata. Hujapunguza ukali, umeuhamisha kutoka kwenye plate ukauweka chini ya tenki.

Ya pili ni mbaya kuliko hiyo: mafuta ya taa yamepanda bei, basi tia petroli kwenye jiko la mchina, lile la utambi, au kwenye jiko la pampu la mafuta ya taa, yale ya ukoo wa Primus ambayo Msweden Lindqvist aliyabuni mwaka 1892. Tofauti si ndogo. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafike takriban nyuzi joto 38 au zaidi. Petroli inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake jikoni kwako, saa yoyote, mwezi wowote, petroli iliyo wazi tayari ina mvuke juu yake unaosubiri cheche. Jiko la utambi halina cha kuuzuia. Usijaribu hata "kidogo tu".

Mvuke huo pia haupandi kama moshi. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Ndiyo maana huwa sijazi jiko langu kwenye chumba chenye jiko la mkaa, hata likiwa pembeni kabisa, wala silijazi likiwa na joto. Nalizima, nalipeleka uani, nanywa chai nzima ndipo nafungua kifuniko. Na sijazi hadi juu, kwa sababu pampu inahitaji nafasi ya hewa ya kubana.

Namna ya tatu: "petroli ya sheli italiua jiko kwa sababu ina risasi." Hili lilikuwa kweli zamani. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara ilipofika mwanzo wa 2006. Kilichobaki ni viungo vinavyowekwa kwa ajili ya injini, ambavyo havigeuki mvuke vizuri, vinaganda ndani ya bomba kama ukoko wa ugali. Jiko langu lilitengenezewa petroli safi isiyo na viungo, ambayo hapa mjini sijawahi kuiona dukani. Natumia ya sheli, nje ya nyumba, nikijua bomba litaziba mapema na litahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Nanunua kidogo kidogo, na nikimaliza safari namwaga yote, kwa kuwa petroli iliyolala miezi huacha utando kama gundi.

"Tenki tupu halina hatari, peleka likachomelewe"

Tenki lililojaa petroli lina mvuke kidogo. Tenki "tupu" ni mvuke mtupu uliochanganyika na hewa, na huo mchanganyiko ndio unaolipuka. Kulisuuza kwa sabuni ya unga hakuondoi kila kitu kilichojificha kwenye mikunjo ya bati. Tenki lililotoboka kwa kutu mimi siligusi kwa moto. Natafuta tenki jingine.

Kutu ya juujuu ndani ni habari nyingine. Nilitia siki na nati za zamani, nikatikisa kama kayamba, nikaacha usiku kucha, nikamwaga, nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua uchachu (magadi yale yale ya mlenda, mke wangu bado anauliza yalikwenda wapi), nikalianika. Jua la Dodoma la Septemba halina mpinzani kwa kazi hiyo. Mwisho nikasuuza kwa spiriti kunyonya maji yaliyobaki. Lakini tenki langu ni la bati. Majiko madogo ya Kisweden yenye tenki la shaba ya njano usiyaloweke kwenye siki muda mrefu, tindikali inaila shaba hiyo.

Baada ya hapo nilipiga pampu tenki likiwa na hewa tupu, nikalizamisha kwenye beseni kama fundi pancha anavyotafuta tundu. Povu lilitoka sehemu moja, kwenye shina la valvu. Robo mzunguko wa spana likakoma.

"Ling'arishe kwanza"

Ukwaju na majivu vinang'arisha shaba vizuri sana. Haviwashi jiko.

"Moto wa bluu hauna sumu, unaweza kulala nalo"

Julai nililipeleka Mtera. Usiku ule upepo wa bwawani ulikuwa mkali, na kijana tuliyekuwa naye akataka tuliingize hemani, maana moto ulikuwa bluu safi, hauna moshi wala harufu. Gesi inayoua kwenye hema iliyofungwa, kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu, na hata jiko linalowaka vizuri huitoa pale hewa inapopungua. Tukaliacha nje, tukalikinga upepo kwa kifuniko cha sanduku lake, ambacho kina mbawa mbili za bati kwa kazi hiyo. Kijana akajifunga blanketi la pili, akanuna hadi chai ilipochemka.