Jeshi la Marekani: miezi sita haisafishi cheti cha kuachishwa

Wengi waliotoka jeshi la Marekani huambiwa: subiri miezi sita, cheti chako kitapandishwa hadhi chenyewe, kisha urudi kambini. Si kweli, na inaumiza kuona watu wakipoteza muda kwa kuamini hivyo. Hakuna kinachobadilika usipoomba.

Chukua fomu yako ya DD 214, yaani hati unayopewa unapoachishwa jeshini. Watu husoma aina ya kuachishwa, wakiona "kwa heshima" wanatulia. Afisa wa usajili, hata hivyo, huangalia pia msimbo wa RE, unaoonyesha kama unaweza kujiunga tena. RE-1 kwa kawaida haina kizuizi, RE-3 huhitaji kibali maalumu, na RE-4 mara nyingi hufunga mlango. Aliyeachishwa kwa heshima anaweza kabisa kuwa na RE-3, tuseme kwa sababu za kiafya.

Kibali hicho huombwa kupitia afisa wa usajili, lakini uamuzi hutoka kwa wakubwa wake, nao hutazama mahitaji ya jeshi wakati huo.

Kubadilisha aina ya kuachishwa ni shauri jingine: jaza DD 293, fomu ya kuomba aina hiyo ipitiwe upya, ndani ya miaka 15 tangu uachishwe, uambatanishe ushahidi. Hata ukifanikiwa, msimbo wa RE unaweza kubaki vilevile.